Jinsi ya kumtengeneza mhusika wa Elden Ring atoke na sura uliyoikusudia

Swali linakuja kila wiki, na karibu kila mara kwa maneno yaleyale: "Kaka, mtu wangu nilimtengeneza vizuri kabisa, nimeingia naye ndani ametoka kama maiti. Nimekosea wapi?" Mwingine amekaa saa mbili anachonga pua, gemu ikamvika mhusika kofia ya chuma, na uso ule hajauona tena. Mwingine anataka kujua kama sura ya mtu wa kaskazini inaongeza nguvu. Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja. Sasa nayaandika yote mahali pamoja, ili anayeanza leo asipotee tulikopotea sisi.

Nimechagua Elden Ring, gemu ya FromSoftware iliyotoka tarehe 25 Februari 2022, kwa sababu ndiyo ninayoulizwa zaidi. Inachezeka kwenye PS4, PS5, Xbox na kompyuta, kwa hiyo hata mwenye mashine ya zamani yumo. Mengi utakayojifunza hapa yatakufaa pia kwenye gemu nyingine za aina hii ambazo uso unatengenezwa kwa kusogeza vipimo.

Kabla ya yote shika jambo moja. Chumba unachomtengenezea mhusika kina mwanga wake, na dunia utakayomwingiza ina mwanga mwingine kabisa. Uso wa kuuamini ni ule utakaouona nje, Limgrave, eneo la kwanza la wazi utakalotokea, saa sita mchana, kofia ikiwa imevuliwa. Ukiyafanya haya yote kwa kukumbuka hilo, nusu ya matatizo hutayaona.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Saa moja isiyo na haraka. Ukiwa kwenye kibanda cha gemu unakolipa kwa saa, afadhali umtengeneze siku ambayo hakuna foleni nyuma yako.
- Simu yenye kamera. Utaipigia picha kila ukurasa wa namba.
- Kama unamtengeneza mtu halisi, picha zake mbili: moja ya mbele, moja ya ubavuni. Zipigwe nje, kivulini, bila flashi. Picha iliyopitishwa kwenye programu za kulainisha ngozi haifai, maana programu hizo hufuta mifupa ya uso, na mifupa ndiyo unayoitafuta.
- Gemu iliyosasishwa. Sasisho lililokuja na nyongeza ya Shadow of the Erdtree, Juni 2024, lilileta mitindo 5 mipya ya nywele. Hata usipoinunua nyongeza yenyewe unaipata mitindo hiyo.
- Nafasi ya mhusika mpya. Gemu inakupa nafasi 10. Kwenye mashine ya watu wengi nafasi hizo hujaa, na mhusika wa mtu hufutwa bila mwenyewe kuulizwa. Ndiyo maana simu ni muhimu.

Hatua kwa hatua

1. Rekebisha runinga kwanza.

Nenda kwenye mipangilio ya picha ya runinga yenyewe. Ukikuta imewekwa "Vivid" au "Dynamic", itoe hapo, weka "Standard" au "Movie". Zile mbili za kwanza humwaga rangi kupita kiasi, na utajikuta unapambana na runinga ukidhani unapambana na ngozi ya mhusika.

Kisha fungua mwangaza wa gemu. Wengi huupandisha juu sana kwa sababu mapango ya gemu hii ni giza totoro. Matokeo yake ngozi nyeusi inaoshwa, inageuka majivu. Uache katikati ilivyokuwa. Ukifika pangoni tumia taa.

2. Chagua asili kwa ajili ya mapigano, uso uuache.

Ukianza mchezo mpya utaulizwa asili ya mhusika. Ziko 10: Vagabond, Warrior, Hero, Bandit, Astrologer, Prophet, Samurai, Prisoner, Confessor na Wretch. Asili inaamua silaha, nguo na nguvu za kuanzia. Haina uhusiano wowote na pua wala nywele. Kila asili inaweza kuwa na uso wowote.

Angalia tu kwamba baadhi yao wanaanza na kichwa kilichofunikwa. Prisoner amevishwa chuma kichwa kizima, Samurai ana kofia yake ya vita. Wretch anaanza hana hata shati, ana rungu peke yake. Usiogope lolote katika hayo, vyote vinavuliwa na kuvaliwa.

3. Aina ya mwili, umri, sauti na sura ya kuanzia.

Aina ya mwili ni A au B. Umri uko wa kijana, mtu mzima na mzee, na sauti nazo zimefuata mgawanyo huo. Sauti utaisikia kila mhusika akipigwa au akianguka, kwa hiyo isikilize kabla ya kuthibitisha.

Hapa ndipo penye zile sura za kuanzia zenye majina: Northerner, Seafarer, Reedlander, Nightfolk, Numen, Draconian na nyingine. Swali la kila mtu ni kama zinaongeza kitu. Hapana. Kila moja imepewa kahadithi kafupi na uso wake, basi. Nguvu haiongezeki wala haipungui.

Kosa la kawaida hapa ni kuchagua sura ya kuanzia kwa rangi. Mtu anatafuta mwenye ngozi nyeusi, anambonyeza, kisha anahangaika saa nzima na taya lisilo lake. Rangi inabadilishwa kwa dakika tano, mifupa ndiyo yenye kazi. Angalia upana wa mashavu, urefu wa paji la uso, kidevu. Chagua anayekaribia kwa hayo, hata kama ni mweupe pe.

4. Rangi ya ngozi. Ifanye mapema.

Ingia kwenye mabadiliko ya kina, tafuta "Skin Color". Utakuta rangi zilizopangwa tayari, na chini yake vipimo vitatu: nyekundu, kijani, bluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255. Naiweka hatua hii kabla ya mifupa kwa sababu vivuli vya uso vinategemea rangi. Pua iliyochongwa kwenye ngozi nyeupe hubadilika ukiipaka weusi, na kazi inaanza upya.

Kanuni ni hii: namba tatu zikikaribiana, unapata kijivu. Hapo ndipo "maiti" anapozaliwa. Mtu anataka weusi, anashusha namba zote tatu kwa pamoja mpaka zinalingana, na anachopata ni rangi ya saruji. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tii au maji ya kunde, ina wekundu ndani yake. Nyekundu iwe juu, kijani kifuate chini yake, bluu iwe ya mwisho.

Mimi huanzia hapa:

Mweusi tii: nyekundu 62, kijani 42, bluu 34.
Maji ya kunde: nyekundu 118, kijani 80, bluu 58.

Hizo ni namba za kuanzia tu. Sogeza kimoja kimoja, tano tano, huku ukiangalia shavu wala si namba. Akionekana mgonjwa wa manjano, kijani kimezidi. Akionekana kama amechomwa na jua la Ulaya, nyekundu imezidi. Akionekana kama aliyekaa kwenye jokofu, bluu imezidi.

Nilipomtengeneza bibi yangu mzaa mama, kila kitu kilikuwa sawa ila bibi hakuwepo. Macho yake, kidevu chake, lakini ni mwanamke mwingine. Bluu ilikuwa 70. Niliishusha polepole hadi 48, na ilipofika hapo nikamwona anakaa kibarazani anachambua mchele. Kipimo kimoja tu.

Baada ya rangi kuna mng'ao wa ngozi. Ukiuacha chini kabisa, ngozi nyeusi inapauka, kama mtu aliyetoka kuoga akasahau mafuta. Ukiupandisha hadi mwisho, anang'aa kama amemwagiwa mafuta ya kupikia. Upandishe kidogo tu kupita katikati. Vitundu vya ngozi na weusi wa chini ya macho viache vidogo kama unamtaka kijana. Kwa mzee vinasaidia sana, hasa ule weusi wa chini ya macho.

5. Mifupa ya uso, kutoka kikubwa kwenda kidogo.

Kuna vipimo vya jumla juu kabisa, vinavyogusa umbo la mifupa, ukali wa sura na umri unaoonekana. Anza na hivyo. Kisha nenda kwenye uwiano: ukubwa wa pua dhidi ya paji, upana wa uso, urefu wake. Kisha nyusi na mfupa wake, mashavu, taya, kidevu. Pua na mdomo vifuate. Macho ya mwisho.

Mpangilio huo una sababu. Ukianza na macho, ukija kupanua uso macho yanasogea, na unarudi kuyafanya tena. Nimewaona watu wakizunguka hivyo mpaka wanakata tamaa.

Katikati ya kila kipimo ni 128. Usiruke kutoka 128 hadi 255. Sogeza hatua 10 hadi 15, zungusha kichwa kwa kijiti cha kulia, angalia, endelea. Vipimo vinavutana: kidevu kirefu kinafanya pua ionekane fupi hata kama hujaigusa.

Sasa onyo kubwa kuliko yote kwenye hatua hii: usitengeneze uso kwa kuutazama mbele peke yake. Mbele kila mtu anapendeza. Mgeuze ubavu. Hapo ndipo utaona paji lililojitokeza kama kibaraza, au midomo iliyoingia ndani kama ya asiye na meno, au kidevu kilichotangulia safari. Kwenye gemu hii kamera inakaa nyuma ya mhusika wako, na uso wake utauona mara nyingi kwa upande. Ubavu ndio uso wake wa kila siku.

Kwa pua pana, wengi hupanua tundu za pua peke yake na kuacha mfupa wa juu mwembamba kama ulivyokuwa. Inatoka pua mbili zilizounganishwa. Panua na mfupa, na ushushe kimo chake kidogo, ndipo tundu zifuate. Midomo minene nayo inataka vitu viwili: unene wenyewe na kujitokeza kwake mbele ukiangalia ubavu. Ukiongeza unene bila kuusogeza mbele, unaonekana umechorwa.

6. Macho.

Kila jicho linaweza kuwa na rangi yake. Ukitaka yafanane, hakikisha umebadilisha yote mawili, kulia na kushoto. Weupe wa jicho nao una rangi, na ukiuacha mweupe kabisa kwenye uso mweusi macho yatawaka kama taa gizani. Upunguze kidogo, uingize umanjano kiasi. Kuna pia kipimo cha ukungu wa jicho. Kwa mzee mwenye mtoto wa jicho kinafaa sana, kwa wengine kiache sifuri.

7. Nywele, nyusi, ndevu, kope.

Nitasema ukweli: hapa ndipo gemu inapotuonea. Nywele nyingi zilizomo ni za singa, na aliyezoea kusukwa twende kilioni au mwenye rasta nzito atatafuta sana kabla ya kuridhika. Zipitie zote, hadi mwisho wa orodha, maana zenye kipilipili na zilizosukwa zimetawanyika. Usiishie ukurasa wa kwanza. Kipara na nywele fupi sana hutoka vizuri, na kwa mwanamke mwenye mifupa mizuri ya uso nywele fupi zinampendeza kuliko singa la kulazimisha.

Rangi ya nywele nyeusi isiwekwe sifuri zote tatu. Sifuri tatu inafuta kila msokoto, inabaki shimo jeusi juu ya kichwa. Weka nyekundu 22, kijani 17, bluu 15, nywele zitaonekana nyeusi na bado utaona zilivyosokotwa. Kuna kipimo cha mvi, nacho ni kizuri mno kikitumiwa kidogo.

Kumbuka nyusi na ndevu. Watu hubadilisha nywele kuwa nyeusi wakaacha nyusi za kahawia za yule wa mwanzo. Juani inaonekana mara moja.

8. Vipodozi na alama.

Wanja, rangi ya kope, rangi ya mashavu, rangi ya mdomo. Wanja mwembamba unamfaa karibu kila mtu, hata mwanamume, kwa sababu unayatenga macho na ngozi ukiwa mbali. Rangi ya mdomo ikianza na uwaridi, ibadilishe iwe kahawia iliyokoza kuliko ngozi kidogo.

Alama na michoro ya usoni unaweza kuikuza, kuizungusha na kuihamisha. Orodha ni ya gemu, huwezi kuchora yako. Anayetaka chale achague alama nyembamba, aipunguze sana, aipe rangi iliyo karibu na ya ngozi. Ikiwa nyeusi kabisa inaonekana wino, haionekani kovu.

9. Mwili.

Kichwa, kifua, tumbo, mikono, miguu. Ukubwa wa kichwa ndio wa kuangaliwa. Deraya za gemu hii zina mabega makubwa, na kichwa kinachotosha sasa kitaonekana kama embe dogo juu ya deraya nzito. Kipandishe kidogo. Mengine fuata moyo wako.

10. Hifadhi kabla ya kuthibitisha.

Sura unayoiunda unaweza kuihifadhi kwenye "Favorites", ndani ya menyu hiyohiyo. Fanya hivyo kila baada ya hatua kubwa, sio mwishoni tu. Yule bibi niliyemtaja sikumpata kwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza nilikaa naye karibu saa tatu, na umeme ukakatika nikiwa kwenye kope. Sikuwa nimehifadhi chochote. Tangu siku ile nikimaliza ngozi nahifadhi, nikimaliza mifupa nahifadhi.

Kisha toa simu, piga picha kila ukurasa wa namba. Sura iliyo kwenye mashine inaweza kufutwa. Iliyo kwenye simu yako utaijenga upya popote, kwa dakika ishirini.

11. Jina.

Liandike bila kukosea. Jina ndilo kitu ambacho hutaweza kukirudia baadaye, hata kwenye kioo nitakachokutajia.

12. Mpeleke juani.

Utaamkia kwenye kanisa bovu, utatoka nje, na utakutana na dubwana lenye mikono mingi. Likikuua usianze mchezo upya. Karibu kila anayeanza hufa pale, na hadithi inaendelea kutokea hapo. Utaamka pangoni. Pangoni usihukumu uso, giza lile halimtendei mtu haki.

Endelea mpaka ufungue mlango mkubwa utokee Limgrave. Karibu na mlango kuna sehemu ya kupumzikia inayoitwa The First Step. Kaa, tafuta sehemu ya kupitisha muda, chagua adhuhuri. Simama, vua kofia, geuza kamera uso kwa uso. Mweke mhusika karibu na ukuta ili kamera isogee. Tazama mbele, tazama ubavu. Kisha rudi ukae tena, chagua usiku, tazama mara ya pili. Usiku wa Limgrave unaingiza ubluu, na kama ngozi yako ilikuwa na bluu nyingi ndipo itakapogeuka maiti.

Fanya yote haya palepale mlangoni. Mbele kidogo kuna mpanda farasi wa dhahabu anayezunguka njiani, naye hatakuacha ujitazame.

Gemu hii inajihifadhi yenyewe kila wakati, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma kwa kufungua hifadhi ya zamani. Kama uso haujakuridhisha na ndio kwanza umefika, rudi menyu kuu, anza mhusika mwingine, ita sura yako kutoka "Favorites", rekebisha kilichokosewa. Umepoteza dakika kumi tu. Kama umeshasonga mbele, nenda hatua ya mwisho.

13. Kioo cha Roundtable Hold.

Ukisonga mbele, mwanamke aitwaye Melina atakukaribisha Roundtable Hold. Mahali hapo baadaye utapaona pembeni chini kushoto mwa ramani. Ndani yake kuna chumba cha mwanamke aitwaye Fia, na humo kuna kioo cha kusimama. Kiguse, utafungua tena menyu ya sura. Ni bure, na utarudia mara nyingi upendavyo. Wengi wanasema mpaka umshinde Rennala, bosi wa chuo cha uchawi cha Raya Lucaria, ndipo ubadilishe sura. Kwake pia inawezekana, lakini huna haja ya kungoja mpaka huko. Machozi yale ya thamani anayodai Rennala ni ya kugawa upya nguvu za mhusika. Sura haigharimu chozi.

Angalizo moja ukiwa chumbani mle. Fia atakuomba akukumbatie. Ukikubali, utaingia mfukoni mwako kitu kiitwacho Baldachin's Blessing, na maadamu unacho, uhai wako wa juu kabisa unapungua. Wengi huja kurekebisha nyusi wakatoka na uhai pungufu, na wiki nzima hawajui kwa nini. Kitumie kitu hicho kutoka kwenye begi, uhai utarudi.

Kuhusu kofia na nguo

Elden Ring haina kitufe cha kuficha kofia. Ukiivaa, uso haupo. Uamuzi ni wako: ulinzi wa kichwa au uso. Mimi huwa sivai, kwa sababu kofia moja si kitu kikubwa kwenye ulinzi wote ukijua kukwepa, na uso nimeutolea jasho. Anayeanza anaweza kuvaa kwenye mapambano na mabosi na kuvua anapotembea.

Nguo nyingine zinaweza kupunguzwa, kwa mfano kuondolewa joho la mgongoni. Vifaa vya ushonaji vinapatikana Coastal Cave, pango lililo ufukweni Limgrave, kwa kuwashinda wakuu wa viumbe walio ndani. Ukivipata utarekebisha nguo unapopumzika. Sindano utakayopata humohumo mpelekee Boc, fundi mdogo ambaye wenzake walimfukuza wakimwita mbaya wa sura. Mtendee vizuri. Katika watu wote wa gemu hii, ndiye anayejua uzito wa jambo tunalolifanya hapa.

Matatizo yanayorudi

Ngozi ni ya kijivu nje, ndani ya menyu ilikuwa sawa. Shusha bluu kwa 10, pandisha nyekundu kwa 5, mwangaza wa gemu uurudishe katikati. Ikibaki hivyo, angalia mng'ao.

Nimenakili namba za mtu, sura haifanani. Kwanza linganisha aina ya mwili, maana A na B hazitoi uso mmoja kwa namba zilezile. Kisha rudi kwenye vile vipimo vya jumla vya juu, ambavyo watu huvisahau wanapopiga picha. Mwisho angalia rangi za nyusi na weupe wa macho.

Uso umepinda mdomo. Kuna kipimo kimekwenda mwisho. Mara nyingi ni kujitokeza kwa midomo au upana wa taya. Virudishe hatua 20 kuelekea 128.

Macho yamebadilika rangi yenyewe, yamekuwa ya manjano kama ya mnyama. Umekula mioyo ya majoka kwenye madhabahu ili upate uchawi wao. Gemu imekusudia hivyo, mashine yako haina tatizo.

Mwili umejaa alama za kuungua. Hilo ni zito zaidi. Chini kabisa ya jiji la Leyndell kuna mlango unaokutaka uvue nguo zote kabla haujafunguka. Anayeingia hutoka na alama hizo, na mwisho wa hadithi yake unabadilika pia. Kama hujafika huko na unaujali mwisho wako, usiufungue kwa udadisi tu.

Nimekitafuta kioo sijakiona. Ama bado hujakaribishwa Roundtable Hold, ama unakitafuta ukumbini penye meza. Toka ukumbini, ingia vyumba vya pembeni, fuata kile chenye kitanda na mwanamke aliyekaa juu yake.

Sura niliyoihifadhi haipo. Uliihifadhi kwenye akaunti nyingine ya mashine. Ingia na akaunti uliyoitumia siku ile. Kama imefutwa kabisa, fungua picha za simu yako, anza na hatua ya 4.